Kupiga kabla hujapigwa: je, ugaidi unahalalisha vita vya kuwahi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Kila vita vya Iraki vinapotajwa, watu husema vilikuwa kosa kwa sababu silaha za maangamizi hazikupatikana. Je, zingepatikana, vingekuwa halali? Gaidi hatangazi vita, havai sare, wala hana mji mkuu wa kutishiwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa nini basi sheria iitake nchi ingoje watu wake wafe ndipo ijibu? Na Baraza la Usalama likikwama kwa kura ya turufu, nani wa kuombwa ruhusa?

Jibu: Marahaba. Nianzie pale ambapo wengi hupakwepa. Hata kama silaha zingepatikana, vita vya 2003, Marekani na washirika wake walipoivamia Iraki, visingekuwa vita vya kujihami. Kumiliki silaha ni jambo moja, kuwa mbioni kushambulia ni jambo jingine kabisa. Maghala ya sumu yangekuwa ushahidi kwamba Iraki ilivunja maazimio ya Baraza la Usalama, na mwenye kuamua hatua ya kuchukua dhidi ya kosa hilo ni Baraza lenyewe. Kwa hiyo taarifa mbovu zilikuwa nusu tu ya tatizo. Nusu ya pili ni wazo la kupiga mapema mno, na kwa maoni yangu wazo hilo ndilo lililozizaa hizo taarifa mbovu. Nitafika huko.

Kwanza nikupe haki yako. Ibara ya 51 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1945 inaitambua haki ya kujihami pale shambulio la silaha linapotokea, na nchi nyingi zisizofungamana na upande wowote huisoma hivyo hivyo ilivyoandikwa: hujashambuliwa, huna haki ya kurusha risasi. Wanasheria wengine, nami nikiwa miongoni mwao, tunasema haki ya kujihami ilikuwepo kabla ya 1945 na Mkataba haukuifuta, hivyo nchi inayoona pigo linakuja inaweza kumwahi mpigaji. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilipoamua kesi ya Nicaragua dhidi ya Marekani mwaka 1986 ililiacha suala hilo bila kulitolea kauli. Kwa hiyo si kweli kwamba sheria inakutaka ufe kwanza. Inachokutaka ni uonyeshe kwamba pigo lilikuwa njiani.

Kipimo kinachotumika hadi leo kilitokana na meli. Mwishoni mwa 1837 waasi waliokuwa wakipigana na utawala wa Uingereza huko Kanada walikuwa wamejichimbia Navy Island, kisiwa kilicho katika Mto Niagara, wakiletewa watu na zana kutoka ng'ambo ya Marekani kwa meli ndogo ya mvuke iliyoitwa Caroline. Usiku wa Desemba 29 askari wa Uingereza walivuka mto, wakaikuta meli imefungwa gatini upande wa Marekani, wakaichoma moto na kuiachia ichukuliwe na maji kuelekea maporomoko. Mmarekani mmoja aliuawa. Katika barua zilizofuata, Daniel Webster, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, aliwaambia Waingereza kwamba anayedai alijihami lazima aonyeshe haja ya papo hapo, iliyomwelemea, isiyomwachia njia nyingine wala nafasi ya kutafakari. Na hata akiwa na haja hiyo, asipite kiasi.

Baada ya Septemba 11, 2001 tuliambiwa mara nyingi kwamba kanuni za zamani zilitungwa kwa ajili ya majeshi yenye sare na bendera, hivyo haziwezi kumkabili adui asiye na dola. Hoja hiyo inasahau Caroline ilihusu nini. Waliokuwa Navy Island hawakuwa jeshi la Marekani. Walikuwa kundi la watu wenye silaha, wakipata msaada kutoka ndani ya nchi ambayo serikali yake haikuweza kuwazuia, wakivuka mpaka kwenda kuua. Ukibadilisha majina na tarehe, hilo ndilo tatizo unaloniuliza. Kanuni ilitungwa kwa ajili yake hasa.

Tatizo ni kwamba vitu viwili vinachanganywa makusudi. Kipo kitendo cha kumwahi adui aliyekwisha nyanyua mkono, na kipo kitendo cha kumpiga mtu kwa kuhofia kwamba miaka ijayo atapata mkono wenye nguvu. Cha pili nitakiita vita vya kinga. Mwezi Mei 1967 Misri iliwaondoa walinda amani wa Umoja wa Mataifa kutoka Sinai, ikaifungia Israeli mlango wa bahari wa Tiran, ikasogeza majeshi mpakani. Juni 5 ndege za Israeli zikaviteketeza viwanja vya ndege vya Misri. Wanahistoria wanabishana hadi leo kama Misri ingeanza, lakini angalau palikuwa na kitu cha kuonekana kwa macho. Linganisha na Juni 7, 1981, Israeli ilipobomoa kinu cha nyuklia cha Osirak karibu na Baghdad, kinu ambacho kilikuwa hakijaanza kazi. Baraza la Usalama lililaani kitendo hicho kwa kauli moja, azimio nambari 487, Marekani ikiinua mkono pamoja na wengine. Tena, mpango wa nyuklia wa Iraki haukufa siku ile. Uliingia mafichoni ukakua, hadi wakaguzi walipoufukua baada ya vita vya 1991.

Rais wa Marekani George W. Bush alipowahutubia wahitimu wa chuo cha kijeshi cha West Point Juni 1, 2002, na serikali yake ilipotoa mkakati wa usalama wa taifa Septemba mwaka huo, lugha iliyotumika ilikuwa ya kumwahi adui. Sera yenyewe ilikuwa vita vya kinga. Mkakati ule ulisema Marekani itachukua hatua hata kama muda na mahali pa shambulio la adui havijulikani kwa uhakika. Webster alidai adui aonekane mlangoni; mkakati uliridhika na adui wa kukisiwa.

Sasa niwatendee haki waliouandika, maana hawakuwa wapumbavu na hoja yao ina uzito. Kwa miongo minne Marekani na Muungano wa Kisovieti walizuiana kwa hofu ya kulipiziana kisasi. Hofu hiyo haifanyi kazi kwa mtu aliyekwisha kubali kufa, asiye na mji wa kuuhurumia. Zaidi ya hapo, kwa gaidi ule wakati wa "papo hapo" ni mfupi kupita kiasi. Majeshi ya nchi yakijikusanya mpakani unayaona kwa wiki kadhaa. Mtu mwenye mkoba ndani ya treni ukimwona, umekwisha chelewa. Ndiyo maana wanasheria wengine wanapendekeza tusiangalie saa, tuangalie nafasi ya mwisho: je, hii ndiyo fursa ya mwisho ya kulizuia shambulio hili mahususi? Mimi nalikubali pendekezo hilo, kwa sharti la neno "mahususi". Awepo mpangaji anayejulikana, uwepo mpango, uwepo uwezo, na kuwe na sababu ya kuamini kwamba leo ikipita hatapatikana tena. Neno hilo likiondoka tumerudi kwenye kukisia.

Kukisia kuna tabia yake. Ukiuliza "Je, huyu anajiandaa kutushambulia?", jasusi anaweza kujibu hapana. Ukiuliza "Je, unaweza kunihakikishia kwamba kamwe hatampa gaidi silaha?", hakuna jasusi duniani atakayekuhakikishia. Mzigo wa ushahidi unahama kimyakimya kutoka kwa anayetaka vita kwenda kwa anayevipinga. Septemba 2002 Condoleezza Rice, mshauri wa Bush wa usalama wa taifa, alisema hawataki ushahidi wa mwisho uje kwa sura ya wingu la uyoga wa nyuklia. Ukiisikiliza vizuri kauli hiyo, inasema kutokuwa na ushahidi si sababu ya kungoja.

Pakishakuwa na soko la ushahidi wa namna hiyo, wauzaji hawakosekani. Mkimbizi wa Kiiraki aliyekuwa Ujerumani, aliyepewa jina la siri Curveball, alieleza habari za maabara za silaha za viini zilizopakiwa kwenye malori; mwaka 2011 alikiri hadharani kwamba alitunga. Ibn al-Shaykh al-Libi, mfungwa aliyekabidhiwa Misri akateswa huko, alisema Iraki iliwafundisha watu wa al-Qaeda kutumia sumu, kisha mwaka 2004 akayakana maneno yake. Madai yote mawili yalikuwemo katika hotuba ya Colin Powell, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, mbele ya Baraza la Usalama Februari 5, 2003. Hati zilizodai kwamba Iraki ilitafuta urani Niger zilibainishwa na shirika la kimataifa la nishati ya atomiki kuwa za kughushi, na taarifa hiyo ilitolewa Barazani siku 13 kabla ya vita. Mwaka 2004 timu ya Marekani yenyewe iliyotumwa kutafuta silaha iliripoti kwamba hapakuwa na maghala, na tume iliyochunguza Septemba 11 ikasema haikuona ushirikiano wa kiutendaji kati ya Saddam Hussein, rais wa Iraki, na al-Qaeda. Huwezi kuziita hizi ajali za kijasusi. Mtu aliyekwisha amua atanunua chochote kinachofanana na sababu.

Msomaji wangu, umetaja methali ya ufa. Ufa ukiuona, uzibe. Ila mwenye kubomoa ukuta wa jirani kwa kuhofia kwamba siku moja utaota ufa, huyo hajaziba kitu.

Kuna jaribio la fikra ambalo huwapa wanafunzi wangu. Tuseme Agosti 2001 Marekani ingeamua kuivamia Afghanistan ili kuiwahi al-Qaeda. Je, Septemba 11 isingetokea? Watekaji wote 19 walikuwa wamekwisha ingia Marekani. Marubani wao walijifunza kurusha ndege huko huko Marekani, na kiini cha kundi kilitoka Hamburg. Makombora juu ya Kandahar yasingemgusa hata mmoja wao. Kilichoweza kuwagusa kilikuwa kidogo na cha kuchosha: shirika la ujasusi, CIA, lilikuwa na majina ya Nawaf al-Hazmi na Khalid al-Mihdhar tangu mwanzoni mwa 2000, walipokutana na wenzao wa al-Qaeda Kuala Lumpur, na wapelelezi wa ndani, FBI, hawakuanza kuwatafuta hadi mwishoni mwa Agosti 2001. Faili lilichelewa kuvuka kutoka ofisi moja kwenda nyingine. Hakuna jeshi linaloweza kutibu ugonjwa huo.

Kinyume chake kilionekana Agosti 2006. Polisi wa Uingereza walikuwa wakiwafuatilia kwa muda mrefu vijana waliopanga kulipua ndege za abiria zinazovuka Atlantiki kwa milipuko ya majimaji iliyofichwa ndani ya chupa za vinywaji. Walikamatwa kabla hawajapanda ndege, wakafikishwa mahakamani, na Septemba 2009 watatu wakapatikana na hatia ya njama ya kulipua ndege. (Ndiyo sababu hadi leo katika viwanja vingi vya ndege unanyang'anywa chupa ya maji.) Pale palikuwa na kumwahi adui kwa maana kamili ya neno. Pia palikuwa na mvutano ule ule unaoniuliza, maana Wamarekani walitaka wakamatwe haraka na Waingereza walitaka kungoja ushahidi ukomae. Tofauti kubwa ni gharama ya kukosea. Polisi akimkamata asiyehusika, mahakama inamwachia. Bomu likimwangukia asiyehusika, hakuna rufaa.

Hata shambulio dogo, lisilofika kuwa vita, lina hatari hiyo. Baada ya al-Qaeda kulipua balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam Agosti 7, 1998 na kuua watu 224, Marekani ilirusha makombora siku 13 baadaye, ikisema inajihami na kuzuia mashambulio zaidi. Baadhi yaliangukia kambi za Afghanistan, ambako al-Qaeda walikuwepo kweli. Mengine yalikibomoa kiwanda cha dawa cha al-Shifa, Khartoum, kwa madai kwamba sampuli ya udongo ilionyesha kemikali ya kutengenezea sumu ya kivita. Sudan iliomba wachunguzi wa Umoja wa Mataifa, hawakupelekwa. Mali za mwenye kiwanda zilizokuwa zimezuiwa Marekani zilifunguliwa mwaka uliofuata. Kiwanda kilibaki kifusi.

Vita kamili vina deni jingine, nalo hulipwa na kizazi kinachofuata. Powell katika ile hotuba alimtaja mpiganaji wa Kijordani, Abu Musab al-Zarqawi, kama kiungo kati ya Baghdad na al-Qaeda. Wakati ule hakuwa na jeshi lolote Iraki. Uvamizi ulipovunja dola, na jeshi la Iraki likafutwa kwa amri moja Mei 2003, alipata uwanja, silaha na vijana wenye hasira. Oktoba 2004 alitangaza utii kwa bin Laden. Kundi lake lilibadilika majina hadi likawa lile dola la kiislamu lililoiteka Mosul Juni 2014. Somalia ni hivyo hivyo. Desemba 2006 Ethiopia iliingia, kwa kibali cha serikali ya mpito ya Somalia na kwa hoja ya kujilinda, ikauvunja Muungano wa Mahakama za Kiislamu uliokuwa umeishika Mogadishu. Al-Shabaab, waliokuwa tawi la vijana wakali ndani ya muungano ule, wakabaki peke yao na bango la kupinga jeshi la kigeni. Ethiopia iliondoka Januari 2009, na mwezi huo huo Sheikh Sharif Ahmed, aliyekuwa mwenyekiti wa Mahakama zile, akachaguliwa kuwa rais wa Somalia. Mtu wa kuzungumza naye alikuwepo tangu mwanzo. Sisemi vita ndivyo vilivyoumba ugaidi. Itikadi ile ilikuwepo. Nasema viliupa mazingira ambayo wenyewe usingeyapata.

Utaniambia siku hizi hakuna tena uvamizi mkubwa, ni droni tu. Kweli, lakini kipimo kimezidi kunyooshwa. Waraka wa Wizara ya Sheria ya Marekani uliovuja mwaka 2013 ulieleza kwamba tishio linaweza kuhesabiwa kuwa la karibu hata bila ushahidi wa wazi kwamba shambulio fulani litatokea hivi karibuni. Januari 3, 2020 jenerali wa Iran Qassem Soleimani aliuawa Baghdad, na viongozi wa Marekani wakasema alikuwa mbioni kushambulia. Barua waliyoliandikia Baraza la Usalama siku tano baadaye ilijikita katika mfululizo wa mashambulio yaliyokwisha pita. Nakushauri usome barua hizo za ibara ya 51, ambazo nchi inayodai kujihami hutakiwa kuliandikia Baraza, kila zinapotolewa. Anachosema kiongozi kwenye televisheni na anachotia sahihi wanasheria wake mara nyingi ni vitu viwili.

Hata 2003 ilikuwa hivyo. Marekani na Uingereza zilipoliandikia Baraza kuhalalisha vita, zilijenga hoja yao juu ya maazimio yaliyokwisha pitishwa dhidi ya Iraki, 678 na 687 ya wakati wa vita vya Kuwait na 1441 la 2002, na hazikuifanya sera ya kupiga mapema kuwa nguzo. Mwanasheria mkuu wa Uingereza, Lord Goldsmith, alikuwa amekwisha mwambia waziri mkuu wake, Tony Blair, katika ushauri wake wa siri wa Machi 7 kwamba sera hiyo ya Marekani haitambuliwi na sheria ya kimataifa. Huyo ni mwanasheria wa mshirika wa karibu kuliko wote.

Nimalizie na kura ya turufu. Katika migogoro mingi malalamiko yako ni ya haki. Baraza hukwama, watu hufa. Ila katika suala la ugaidi rekodi yake ni tofauti na sifa yake. Mwaka 1999 liliwawekea Taliban vikwazo kwa kumhifadhi bin Laden. Siku moja baada ya Septemba 11 liliitambua haki ya kujihami kwa azimio 1368, tena kwa kauli moja. Novemba 2015, wiki moja baada ya mauaji ya Paris, liliziita nchi zenye uwezo zichukue hatua zote zinazohitajika, kwa kufuata sheria ya kimataifa, dhidi ya kundi lililoishika Mosul. Jopo la Umoja wa Mataifa la 2004 lilipendekeza mgawanyo ambao bado naona una akili: tishio la karibu, nchi inaweza kujihami yenyewe, tishio la mbali, ipeleke ushahidi Barazani, kwa sababu likiwa la mbali kweli, muda wa kuupeleka upo.

Na Machi 2003 muda ulikuwepo. Ufaransa ilitishia turufu, ndiyo, lakini waliotaka vita hawakuwa hata na kura tisa walizohitaji, wakaiondoa rasimu yao Machi 17 bila kupigiwa kura. Wakaguzi walikuwa wamerudi Iraki tangu Novemba, wakakagua zaidi ya mara 700. Mkuu wao, Hans Blix, aliliambia Baraza Machi 7 kwamba kazi iliyobaki haingehitaji miaka, wala wiki, bali miezi. Hakupewa hiyo miezi. Mabomu yalianza kuanguka Baghdad Machi 20.